Taya la chini peke yake laweza kusema kama marehemu alikuwa mwanaume au mwanamke?

#1 Mwana wa Kamalondo
Salamu kwa wote. Katika mazoezi ya anatomia hapa Lubumbashi tuliwekewa mezani taya la chini lisilo na fuvu lake, tukatakiwa kutaja sehemu zake na kusema lilikuwa la mwanaume au la mwanamke. Waliotazama kidevu walisema ni la mwanaume, kwa kuwa kidevu hicho ni kipana, kimejitokeza mbele na kina vinundu viwili vilivyo wazi pande zote mbili. Waliotazama nyuma walisema ni la mwanamke, kwa kuwa pembe ya taya, yaani kona yake ya nyuma chini ya sikio, haikupinda kwenda nje, mfupa wenyewe ni mwepesi, na mahali pa kushikia misuli ya kutafunia ni laini. Msaidizi wa profesa alisikiliza pande zote mbili, akafunga daftari lake, akaenda zake.

Mimi nadai kwamba zoezi lile halina jibu, na kwamba anayetazama taya moja na kutamka jinsia anabahatisha huku akijificha nyuma ya majina ya Kilatini. Anayepinga aje na sababu, asije na cheo.

#2 Dokta wa Kampemba
Asante kwa swali, mdogo wangu, ingawa dai lako umelikaza kupita kiasi. Anayebahatisha hupata nusu na kukosa nusu. Taya zima la mtu mzima hukupa zaidi ya hapo. Mwaka 1964 Eugene Giles alipima mataya ya Wamarekani, weupe na weusi, ambao jinsia yao ilikuwa imeandikwa tangu walipofariki, akaunganisha vipimo kama kimo cha tawi la taya (sehemu ya nyuma inayopanda kuelekea sikio), urefu wa mwili wa taya (sehemu ya mlalo inayobeba meno) na upana kati ya pembe mbili, na kanuni zake zikatenganisha wanaume na wanawake kwa usahihi wa karibu asilimia 85. Huko si kubahatisha.

Tatizo la kundi lenu ni kwamba mliligawa taya vipande, kila mmoja akashika kipande chake na kukitolea hukumu. Kidevu, pembe na tawi havikui kwa amri moja. Pembe huvutwa na misuli, hasa ule mkubwa wa shavuni unaoshikilia upande wa nje wa pembe, na mwenzake anayeshikilia upande wa ndani. Tawi hurefuka kadiri kichwa cha taya kinavyoendelea kukua pale kwenye kiungo karibu na sikio. Kidevu hupata umbo lake kwa mfupa kuongezeka chini na kupungua juu yake, karibu na mizizi ya meno ya mbele. Mtu mmoja anaweza kuwa na kidevu cha kiume na pembe ya kike bila ajabu yoyote, na ndiyo maana wazoefu hutazama alama zote pamoja, kisha hutamka kwa daraja: mwanaume, huenda mwanaume, haijulikani, huenda mwanamke, mwanamke. Daraja la katikati si aibu.

#3 Mama wa Ruashi
Nimesoma nikacheka. Shangazi yangu, mdogo wa baba, alizaa watoto wengi na kuwalea wote, na kidevu chake ni kipana kuliko cha mume wake na cha wakwe zake wote. Kwa mezani kwenu angeandikwa mwanaume kabla hamjafika kwenye pembe ya taya. Dada zake wako vivyo hivyo, na bibi yao alikuwa vivyo hivyo. Sasa nawauliza wasomi: sura inayorithiwa katika ukoo inahesabiwa wapi katika hizo asilimia 85?

#4 Fundi Meno wa Katuba
Mama, umegusa mahali penyewe. Mimi si daktari, ninatengeneza meno bandia, na kazi yangu ni kushika mifano ya mataya ya watu ninaowajua kwa majina. Nitaongeza jambo ambalo Dokta hakuligusa: taya likiisha meno si taya lile tena. Ukingo uliokuwa umebeba mizizi huliwa kidogo kidogo na mwili wenyewe, kimo cha mwili wa taya hupungua sana, na lile tundu la pembeni ambamo neva ya kidevu hutokea, ambalo kwa kijana huwa karibu katikati ya kimo cha mfupa, kwa mzee asiye na meno hujikuta juu karibu na ukingo, hata meno bandia yakimkandamiza hapo analalamika maumivu hadi mdomoni. Nimeona mifano ya wazee wa kiume, watu wa mapande makubwa, ambayo ungeiweka kando ya ya wasichana usione tofauti ya unene.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jinsia, uliza meno yalitoka lini: baada ya kufa, au miaka mingi kabla? Vishimo vya mizizi vikiwa wazi na vyenye kingo kali, meno yalidondoka baada ya kifo. Vikiwa vimejaa na kulainika, mwenye taya aliishi bila meno.

#5 Mwana wa Kamalondo
Nashukuru, Fundi. Taya letu lina vishimo vingi vilivyo wazi, na magego mawili bado yamo upande wa kulia, kwa hiyo hoja ya uzee inapungua nguvu ingawa haifutiki. Hata hivyo nimesoma kwamba vitabu vya anatomia vinaandika pembe ya taya kuwa nyuzi 175 wakati wa kuzaliwa, kati ya 110 na 120 kwa mtu mzima, na 140 uzeeni. Kama pembe hubadilika kiasi hicho kwa umri peke yake, itatusaidiaje kutambua mwanamke, ambaye tunaambiwa pembe yake ni pana kuliko ya mwanaume kwa nyuzi chache tu?

#6 Dokta wa Kampemba
Nyuzi hizo zimenakiliwa kitabu hadi kitabu tangu zamani, na mbili kati yake zina walakini. Ya mtoto mchanga inategemea mno jinsi unavyoweka mstari wa kupimia, maana tawi lake ni fupi na kichwa cha taya kiko karibu usawa mmoja na mwili. Ya mzee inatokana na mataya yasiyo na meno, ambayo pembe yake huonekana kufunguka kwa sababu mfupa ulioizunguka umepungua na misuli haivuti kama zamani. Wapo waliopima wazee wenye meno yao wasiuone upanuzi huo, na wapo wanaosema upo. Kuhusu tofauti ya mwanaume na mwanamke umesema kweli: kwa wastani ipo, lakini watu wa makundi haya mawili wanaingiliana mno, na mimi nisingeitumia pembe hiyo peke yake hata kwa mchezo.

#7 Mpekuzi wa Kisale
Naomba nirudi kwenye asilimia. Wengi hunukuu pia jedwali la Wilton Krogman la mwaka 1962: mifupa yote asilimia 100, nyonga peke yake 95, fuvu peke yake 92, mifupa mirefu 80. Wanaonukuu husahau kwamba mifupa aliyoifanyia kazi ilitoka katika mkusanyiko wa mifupa wa Cleveland, Marekani, ambamo wanaume walikuwa wengi mno kuliko wanawake, naye mwenyewe aliliona jambo hilo. Ukijua kwamba kabati lina wanaume wengi, ukisema "mwanaume" kila unaposita utapata sifa usizostahili.

Pili, kanuni ya Giles ilitengenezwa kwa Wamarekani. Ukiileta kwa watu wenye miili midogo, wanaume wao wataangukia upande wa wanawake; ukiipeleka kwa watu wenye miili mikubwa, wanawake wao watageuka wanaume. Namba haijui jinsia, inajua ukubwa. Ndiyo maana Afrika Kusini walitafuta vipimo vyao wenyewe kutoka mkusanyiko wa Raymond Dart wa Johannesburg, na hata hivyo sioni kwa nini vipimo vya Johannesburg vikubaliwe hapa kwetu Katanga bila kujaribiwa.

Tatu, na hili linanihusu zaidi. Kule Sanga, kando ya Ziwa Kisale, Jacques Nenquin alichimba makaburi ya kale mwaka 1957, na mwaka uliofuata Jean Hiernaux, aliyekuwa mtaalamu wa maumbile ya binadamu, naye akachimba hapo. Pierre de Maret akaendelea mwaka 1974. Makaburi yale yana vyungu, chuma na mapambo ya shaba. Mahali ambapo mifupa imeoza, kishawishi cha kusema "mapambo mengi, basi mwanamke, shoka, basi mwanaume" ni kikubwa, na hapo ndipo taya, ambalo gamba lake ni gumu na hudumu wakati nyonga imekwisha kuwa vumbi, linapohitajika kusema lolote liwezalo, hata kwa sauti ndogo.

#8 Mtazamaji wa Bukavu
Habari za huko kusini. Nashangaa hakuna aliyetaja ukingo wa nyuma wa tawi. Mwaka 1996 Susan Loth na Maciej Henneberg, wakianzia na mkusanyiko huohuo wa Dart, waliandika kwamba kwa mwanaume mzima ukingo huo hupinda mbele usawa wa mahali magego yanapokutania, na kwa mwanamke hubaki umenyooka, au ukipinda hupinda juu zaidi, karibu na shingo ya kichwa cha taya, au chini kabisa karibu na pembe. Usahihi waliotangaza kwa jumla ulikuwa asilimia 94, kwa alama moja tu na bila kupima chochote. Mwana wa Kamalondo, mlilitazama taya lenu kwa ubavu?

#9 Dokta wa Kampemba
Alama hiyo ilipokewa kwa shangwe, ndugu yangu wa Bukavu, kisha ikajaribiwa. Mwaka 1998 watafiti wengine waliwapa watazamaji mataya bila kuwaambia jinsia, na matokeo yakawa chini sana ya yale ya mwanzo. Mwaka 2000 likatoka jaribio jingine lenye mashaka hayohayo. Loth na Henneberg walijibu kwamba waliojaribu hawakufuata maelekezo, hasa kwa kuchanganya mpindo wa usawa wa meno na ule wa chini kwenye pembe. Inawezekana. Lakini alama inayoonekana na walioigundua tu, na kuwapotea wengine wenye macho mazima, mimi siipeleki mahakamani.

#10 Kijana wa Kenya
Wakubwa, mimi ni wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Mnagombana juu ya alama, lakini hakuna aliyesema kwa nini mwanaume awe na taya hilo na mwanamke awe na lile. Mimi naona ni kazi. Misuli ya kutafunia ikivuta kwa nguvu, mfupa hunenepa na pembe hupinda nje. Babu zetu waliotafuna nyama iliyokaushwa na mihogo migumu walikuwa na mataya ya kuogopwa. Sisi tunameza bukari (ugali) na sombe (kisamvu) laini, mataya yetu yanalegea, magego ya mwisho yanakosa nafasi, na Dokta anapata wateja. Basi tofauti ya mwanaume na mwanamke huenda ni tofauti ya nguvu za misuli tu, na mwanamke anayetafuna kwa bidii atakuwa na taya la mwanaume.

#11 Mama wa Ruashi
Mwanangu, sombe iliyopondwa vizuri ni laini kwa sababu kuna mwanamke aliyeitwanga. Kama ni kazi inayokuza mifupa, basi mtutafute kwenye mikono.

#12 Yaya wa Likasi
Mama amejibu vizuri, nami nitaongeza kidogo kwa upande wa hospitali, kwa kuwa nimefanya kazi ya uuguzi muda mrefu. Hoja ya misuli ina ukweli, kwa maana mtu akipooza misuli ya upande mmoja tangu utotoni, taya lake hukua kwa upande. Lakini haitoshi. Kabla ya balehe mataya ya wavulana na wasichana yanafanana kiasi kwamba wachache huthubutu kuyatenganisha, na wote hao wanatafuna. Wakati wa balehe msichana huanza mapema na humaliza mapema, mvulana huchelewa na taya lake huendelea kukua miaka kadhaa baada ya la dada yake kusimama. Huo muda wa nyongeza peke yake unaweza kueleza kimo cha tawi na ukubwa wa kidevu bila kuhitaji nyama kavu.

Kisha kuna homoni. Tulimpokea mama mmoja mwenye umri wa makamo ambaye kidevu chake kilianza kusogea mbele akiwa tayari ana wajukuu, meno ya chini yakaachana, viatu na pete vikambana. Ulikuwa uvimbe wa tezi iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji wakati ambapo mifupa mingine haiwezi tena kurefuka, ila taya bado laweza. Angekufa bila kutambuliwa, taya lake lingesomwaje mezani kwenu?

#13 Mpekuzi wa Kisale
Yaya, ugonjwa huo ni nadra, usitufanye tuwaze kwamba kila kidevu kikubwa ni uvimbe. Hata hivyo nakubali kwamba muda wa kukua una uzito kuliko chakula. Ninachokikataa ni kuyatenga mambo haya mawili, kwa sababu misuli ya mvulana nayo hukua katika miaka hiyohiyo ya nyongeza, na mfupa hauandiki ni yupi aliyeuvuta kwanza.

#14 Karani wa Mahakama
Nawasoma kwa hamu, maana karatasi zenu huishia mezani kwetu. Niliwahi kuona ripoti ya mifupa iliyofukuliwa wakati wa kuchimba msingi wa nyumba, ikisema kwa mstari mmoja "taya la mwanamke, miaka 12", na sikuelewa wakati ule kwa nini upande wa utetezi uliinuka kwa haraka. Sasa naelewa: umri unasomeka vizuri kwa meno ya mtoto, jinsia haisomeki.

Swali langu ni la matumizi. Kama taya lina jino hata moja, kwa nini tubishane juu ya kidevu badala ya kuuliza jino? Sote tunakumbuka jino la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa familia tarehe 20 Juni 2022, nalo likapitishwa hapa kabla ya kuzikwa Kinshasa.

#15 Dokta wa Kampemba
Mfano wako, Karani, unaonyesha pia mpaka wa njia hiyo. Jino lile halikupimwa vinasaba, kwa kuwa kipimo kingeliharibu, na waliolirudisha walisema wazi kwamba uhakika kamili haukuwapo. Kwa jinsia, maabara hutazama jeni ya amelojenini, inayosaidia kutengeneza enameli, lile gamba gumu la nje la jino: nakala iliyo kwenye kromosomu ya X ni fupi kidogo kuliko ile ya Y, na katika kipimo kinachotumika sana tofauti ni herufi 6 tu za vinasaba. Ikionekana X pekee, mwanamke. Zikionekana mbili, mwanaume. Hata hapo wapo wanaume wachache waliozaliwa wakiwa wamepoteza kipande hicho cha Y, na kipimo huwaandika wanawake.

#16 Mpekuzi wa Kisale
Na vinasaba huharibika upesi kwenye joto na kwenye udongo wetu mwekundu wenye tindikali. Ndiyo maana mimi nafuata zaidi protini za enameli yenyewe. Mwaka 2017 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba kusuuza uso wa jino kwa tindikali kidogo kunatosha kupata vipande vya amelojenini ya X na ya Y, na jino linabaki na umbo lake. Ila tahadhari ni ileile: kuiona Y ni ushahidi, kutoiona kunaweza kuwa mwanamke, au mwanaume ambaye protini yake imepotea.

#17 Kijana wa Kenya
Kumbe hata jino hunyamaza kwa niaba ya wanaume. Nina swali lingine kabla hamjanifukuza: kwa nini binadamu ana kidevu hata kidogo? Nasikia taya la Mauer, la binadamu wa kale sana, lililochimbwa Ujerumani mwaka 1907 halina, na Waneanderthali, jamaa zetu wa kale waliokwisha kutoweka, nao hawakuwa na kidevu kama chetu.

#18 Mtazamaji wa Bukavu
Hapo utapata majibu mengi kuliko watu. Wapo wasemao kidevu huimarisha taya wakati wa kutafuna, wapo wasemao kinahusiana na ulimi na usemi, wapo wasemao wanawake walipenda wanaume wenye videvu, na wapo wasemao hakina kazi yoyote, ni mfupa uliobaki umetokeza wakati uso na meno vilipopungua na kurudi nyuma. Ile ya mapenzi ingeeleza tofauti ya jinsia, lakini haielezi kwa nini wanawake nao wanacho.

#19 Mama wa Ruashi
Labda ni sisi tulioanza nacho.

#20 Fundi Meno wa Katuba
Turudi kwenye taya. Dokta, wewe unachoma sindano za ganzi kila siku, na umeandika kana kwamba tofauti zote ni za kiume na kike. Mimi naona mataya yanayotofautiana kwa mambo yasiyohusu jinsia kabisa: tundu la neva ya kidevu mara liko chini ya gego dogo la pili, mara kati ya magego madogo mawili, mara yako matundu mawili upande mmoja.

#21 Dokta wa Kampemba
Ni kweli, na hizo ndizo tofauti zinazoniumiza kichwa zaidi. Wapo watu ambao mfereji wa neva ndani ya taya umegawanyika mara mbili; unachoma ganzi mahali sahihi, mdomo unakufa ganzi, lakini gego bado linauma, na mgonjwa anadhani unamdanganya. Kile kiulimi cha mfupa tunachokitumia kama alama upande wa ndani wa tawi kina maumbo kadhaa, mengine ya pembetatu, mengine butu, mengine yamemezwa na mfupa hata hayapapasiki. Hakuna nilichokiona kinachoyagawa maumbo hayo kwa jinsia kwa namna ya kutegemewa. Nayataja ili Mwana wa Kamalondo aone kwamba taya moja linabeba tofauti za ukoo, za umri, za meno, za misuli na za bahati ya kuzaliwa, na jinsia ni mojawapo tu.

#22 Mwana wa Kamalondo
Hapo Dokta ameniunga mkono bila kupenda. Nitakuwa na dai dogo zaidi: bila kipimo kilichotengenezwa kwa watu wa hapa, jibu lisizidi "huenda". Nimetazama ukingo wa nyuma kama ndugu wa Bukavu alivyoelekeza. Upande wa kulia umepinda usawa wa magego, upande wa kushoto umenyooka.

#23 Mtazamaji wa Bukavu
Upande ulionyooka, magego yake yalikuwepo alipokufa?

#24 Mwana wa Kamalondo
Vishimo vya magego mawili ya kushoto vimejaa mfupa. Ya kulia ndiyo yaliyobaki.

#25 Yaya wa Likasi
Basi alitafunia kulia kwa miaka. Kijana wa Kenya atafurahi.

#26 Dokta wa Kampemba
Au upande mmoja ndio wa kweli na mwingine umeharibiwa na ugonjwa, na hatujui upi. Kuhusu kipimo cha hapa: kliniki za meno za mji huu zina picha za radio (eksirei) za panoramiki, yaani zinazoonyesha taya zima kwa picha moja, za watu walio hai, ambao jinsia na umri wao umeandikwa kwenye faili. Wagonjwa wakikubali na majina yakifutwa, tungeweza kupima kimo cha tawi na upana wake kwa mamia ya watu bila kufukua kaburi lolote.

#27 Mpekuzi wa Kisale
Picha ya panoramiki hukuza, na haikuzi sawasawa kila mahali. Kimo hukipotosha kidogo na upana hupotosha zaidi, na mashine mbili hazikubaliani. Ukitumia picha hizo kutengeneza kanuni, kanuni itafaa picha, haitafaa mfupa ulioushika mkononi. Tupate kwanza mataya makavu yanayojulikana, tuyapige radio kwenye mashine zilezile, tuone kila mashine inaongeza kiasi gani. Nani ana mataya makavu yenye majalada kamili?